Mirabeau: Sauti ya Umma, Fedha za Mfalme

Mwezi Novemba 1792, fundi wa kufuli aitwaye François Gamain alimfichulia waziri Roland siri iliyokuwamo ndani ya ukuta wa kasri la Tuileries, mjini Paris. Yeye mwenyewe, kwa amri ya Mfalme Louis wa 16, ndiye aliyetengeneza pale kabati la siri lenye mlango wa chuma. Mfalme alikwisha kuondolewa madarakani na alikuwa kifungoni akisubiri kushtakiwa. Kabati lilipofunguliwa zilitolewa nyaraka tele, na miongoni mwake zilikuwamo zilizomtaja mtu aliyekuwa amekufa tangu mwaka uliotangulia, mtu ambaye mji mzima wa Paris ulimlilia na kumzika kama baba wa uhuru wake. Nyaraka hizo zilionyesha kwamba Honoré Gabriel Riqueti, Comte de Mirabeau, mlumbi mkuu wa Mapinduzi ya Ufaransa, alikuwa akilipwa na mfalme. Wiki chache hazikupita, sanamu yake ya kichwa ikavunjwa vipande katika ukumbi wa Chama cha Jakobini, klabu kubwa ya siasa ya wanamapinduzi, mahali palepale alipokuwa akishangiliwa.

Tangu siku ile watu wamekuwa wakiuliza swali moja, kwamba je, Mirabeau aliuzwa au hakuuzwa? Wanaomchukia husema fedha zilimgeuza. Wanaomtetea hurudia kauli ambayo imekuwa kama kinga yake, kwamba alilipwa lakini hakununuliwa, kwa sababu alilipwa ili aseme yale aliyokwisha kuyaamini. Nimesoma habari zake kwa miaka mingi, na naona pande zote mbili zinaligusa jambo hili juujuu tu. Msimamo wake haukubadilishwa na fedha, na hilo linaweza kuonyeshwa kwa tarehe. Lakini mtu anayesema kwa niaba ya umma ana deni kwa wanaomsikiliza, nalo ni kuwajulisha anasema akiwa amesimama wapi. Deni hilo Mirabeau hakulilipa, na naamini kutolipa huko kulimharibia hata mawazo yake mazuri. Ili kulielewa jambo hili ni lazima tuanzie mbali kidogo, kwenye ukoo alikotoka.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1749 huko Le Bignon, kusini mwa Paris, katika ukoo wa makabaila wenye asili ya Provence. Baba yake, Marquis Victor de Mirabeau, alikuwa mwanauchumi mashuhuri aliyepewa na wasomaji wake jina la Rafiki wa Wanadamu, kutokana na kitabu kilichompatia sifa Ulaya nzima. Nyumbani kwake urafiki huo haukuonekana. Mtoto alizaliwa na kichwa kikubwa na mguu uliopinda, na alipofika umri wa miaka mitatu aliugua ndui iliyomwachia uso wenye makovu maisha yake yote. Baba hakuuficha uchungu wake kwa kupata mrithi mwenye sura ile, na alipompeleka shuleni alimwandikisha kwa jina jingine, Pierre Buffière, kana kwamba jina la ukoo lilikuwa vazi la kulipwa kwanza ndipo livaliwe.

Kijana alikua mkaidi, mcheza kamari, mkopaji asiyejua kiasi, mpenda wanawake. Baba naye alikuwa na silaha ambayo utawala wa zamani wa Ufaransa uliwapa watu wa daraja lake, yaani hati ya kifungo yenye sahihi na lakiri ya mfalme. Kwa hati hiyo mtu aliweza kukamatwa na kuwekwa ndani bila shitaka, bila hakimu na bila kuambiwa atatoka lini. Marquis aliitumia dhidi ya mwanawe mara kwa mara, kama mzazi mwingine anavyotumia fimbo. Mwaka 1768 kijana alipelekwa kisiwa cha Ré, mwaka 1774 akafungwa katika ngome ya If mbele ya bandari ya Marseille, na mwaka uliofuata katika ngome ya Joux karibu na mpaka wa Uswisi.

Huko Joux alikuwa na ruhusa ya kushuka mjini Pontarlier, na hapo akakutana na Sophie de Monnier, mke kijana wa mzee wa makamo ya babu yake. Mwaka 1776 walitoroka pamoja, wakapitia Uswisi hadi Amsterdam, ambako Mirabeau alijipatia riziki kwa kutafsiri vitabu na kuandika kwa ujira. Mahakama ya Pontarlier ilimhukumu kifo akiwa hayupo, na kichwa chake kikakatwa kwa picha tu, yaani mfano wake ukauawa badala yake. Mwezi Mei 1777 maofisa wa Ufaransa waliwakamata wote wawili huko Uholanzi. Sophie, aliyekuwa mjamzito, alipelekwa kwenye nyumba ya kuwazuilia wanawake, na Mirabeau akafungiwa katika mnara wa Vincennes, nje kidogo ya Paris, alikokaa miaka mitatu na nusu.

Mnara ule nauona kuwa ndio shule yake halisi. Aliruhusiwa kalamu na karatasi, na aliruhusiwa kumwandikia Sophie kwa sharti kwamba kila barua ipitie kwa Lenoir, mkuu wa polisi wa Paris, isomwe kwanza, kisha irudishwe na kuhifadhiwa katika ofisi yake. Fikiria hali hiyo kwa makini. Mtu anamwandikia mpenzi wake maneno ya ndani kabisa, usiku, katika chumba chenye kuta nene, naye anajua kwamba jicho la kwanza litakaloyapitia maneno hayo ni la ofisa wa dola. Alizoea tangu hapo kuandika kwa ajili ya wasomaji wawili kwa wakati mmoja, mmoja aliyetajwa juu ya barua na mwingine asiyetajwa. Miaka kumi baadaye, akiwa bungeni mchana na mezani akimwandikia mfalme usiku, desturi hiyo ilirudi ikiwa imekomaa.

Katika mnara huohuo aliandika kitabu kizima dhidi ya hati za lakiri na magereza ya dola, kilichochapishwa mwaka 1782, na hapo ndipo ukabaila wake ulipoanza kugeuka mapinduzi. Wengi wa rika lake walijifunza kuuchukia udhalimu kwa kusoma wanafalsafa wakiwa kwenye viti vya starehe. Yeye alijifunza akiwa amefungiwa kwa mkono wa baba yake mzazi na sahihi ya mfalme wake. Alipoandika kwamba hakuna mtu aliye salama pale ambapo mtu mmoja anaweza kufungwa bila sheria, hakuwa akirudia somo la darasani.

Alipotoka, akaingia mahakamani. Hukumu ya kifo aliifuta kwa kujitetea mwenyewe huko Pontarlier mwaka 1782, na mwaka 1783 alisimama mbele ya mahakama ya Aix akidai mkewe wa ndoa, Émilie de Marignane, arudi nyumbani. Wakili wa upande wa pili alikuwa Portalis, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa waandishi wakuu wa Sheria ya Kiraia ya Ufaransa. Mirabeau alishindwa kesi, lakini watu walifurika kumsikiliza, na Provence yote ikajua kwamba yule kabaila mwenye uso wa makovu alikuwa na sauti isiyo na mfano. Miaka iliyofuata aliipitisha London na Berlin, akiandika juu ya fedha za serikali na dola ya Prussia, akiongeza madeni, akitumiwa na mawaziri waliomwogopa kumpa kazi ya wazi. Hali hii nayo ni ya kuikumbuka, kwa maana ingejirudia.

Mwaka 1789 mfalme, hazina yake ikiwa tupu, aliitisha Baraza la Matabaka, yaani mkutano wa wajumbe wa makasisi, wa makabaila na wa watu wa kawaida, ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Mirabeau alikwenda Aix kukaa na makabaila wenzake wa Provence, nao wakamfukuza kwa hoja kwamba hakumiliki shamba la kikabaila. Jibu lake bado linachoma. Aliwaambia kwamba katika nchi zote na nyakati zote makabaila wamewaandama kwa chuki marafiki wa umma, na ikiwa kwa bahati mmoja wao alitokea kuinuka kutoka miongoni mwao, huyo ndiye waliyemshambulia kuliko wote. Kisha akaikumbuka Roma ya kale: hivyo ndivyo alivyokufa wa mwisho wa akina Gracchus, ndugu waliowatetea maskini, mikononi mwa makabaila, lakini alipopigwa pigo la kumuua alirusha vumbi mbinguni akiita miungu ya kisasi, na katika vumbi hilo akazaliwa Marius, jemadari aliyekuja kuwaangusha makabaila hao. Waliomsikia walielewa alijiona kuwa nani.

Katika wiki hizo mkate ulikuwa ghali kupindukia. Mwezi Machi ghasia zililipuka Marseille na Aix, na Mirabeau, asiye na cheo chochote cha serikali, ndiye aliyetuliza makundi kwa tangazo lililoandikwa kwa lugha ya wapagazi na wachuuzi, akiwaeleza hesabu ya bei ya mkate kama mtu anavyomweleza jirani. Tabaka la Tatu, yaani watu wasio makabaila wala makasisi, likamchagua katika miji yote miwili, naye akakubali kiti cha Aix. Kabaila aliyekataliwa na wenzake akaingia Versailles akiwa mjumbe wa watu wasio na vyeo.

Tarehe 23 Juni 1789 ndiyo siku ambayo kila mtoto wa shule wa Ufaransa alifundishwa. Siku sita kabla yake Tabaka la Tatu lilikuwa limejitangaza kuwa Bunge la Taifa, na tarehe 20 wajumbe waliapa katika kiwanja cha mpira kwamba hawatatawanyika mpaka nchi ipate katiba. Mfalme alikuja ukumbini, akatangaza kwamba maamuzi hayo ni batili, akaamuru kila tabaka likae peke yake, akaondoka. Makabaila na sehemu ya makasisi wakamfuata. Wajumbe wa umma wakabaki vitini, kimya, wakiwa na mavazi yao meusi. Ndipo Marquis de Dreux-Brézé, mkuu wa itifaki wa kasri, aliporudi na kuwaambia kwamba wameisikia amri ya Mfalme. Bailly, aliyekuwa rais wa Bunge, alijibu kwa adabu kwamba taifa lililokutana haliwezi kupokea amri. Jibu hilo lilikuwa sahihi kisheria, lakini hofu bado ilikuwa imewakaa watu kifuani. Mirabeau akainuka. Maneno yake yameandikwa kwa namna tofauti na mashahidi tofauti, ila kiini chake hakibishaniwi, kwamba wapo pale kwa matakwa ya umma, na hawataondoka ila kwa nguvu ya singe.

Uzito wa tukio hili ulikuwa kwa nani alimwambia nani. Dreux-Brézé alikuwa marquis, na maisha yake yote watu wa Tabaka la Tatu walimvulia kofia. Mwanasheria wa mkoani, hata akiwa jasiri, angelazimika kwanza kushinda mazoea ya vizazi kabla hajafungua kinywa. Mirabeau hakuwa na mazoea hayo ya kushinda. Kiburi cha kikabaila alichorithi kwa baba aliyemfunga, siku ile aliwaazima watu ambao hawakuwahi kuruhusiwa kuwa nacho. Alizungumza na mjumbe wa mfalme kama mwenye nyumba anavyozungumza na mgeni aliyekosea mlango, na wale waliokuwa wameketi nyuma yake wakagundua kwamba na wao ni wenye nyumba. Siku hiyohiyo, kwa hoja yake, Bunge lilipitisha kwamba mwili wa mjumbe hauguswi.

Kuhusu ulumbi wake kuna jambo ambalo wasifu nyingi hulipitia haraka kwa aibu. Sehemu kubwa ya hotuba zake iliandikwa na watu wengine. Alikuwa na kikundi cha wakimbizi wa kisiasa kutoka Geneva, miongoni mwao Étienne Dumont, Clavière, Du Roveray na Reybaz, waliomwandalia hoja, takwimu na mara nyingi hotuba nzima. Ombi maarufu la Julai 1789 la kumtaka mfalme aondoe majeshi yaliyouzunguka mji, lililosomwa kwa sauti ya Mirabeau, Dumont anasimulia kwamba liliandikwa na yeye. Binafsi simwoni Mirabeau kuwa mwizi kwa hilo. Karatasi ileile ikisomwa na mwingine, ukumbi ungesinzia. Alikuwa na kipaji cha kuchukua kazi ya wengi na kuipa mwili mmoja, sauti moja, na kile kichwa kikubwa chenye nywele tele ambacho yeye mwenyewe alijua kukitumia. Inasimuliwa kwamba alipenda kusema hakuna ajuaye nguvu ya ubaya wa sura yake.

Lakini saa nyingine hakukuwa na karatasi, na tarehe 26 Septemba 1789 ni mfano wake bora. Waziri wa fedha Necker aliomba kila raia achangie robo ya mapato yake kuziba pengo la hazina. Bunge lilijivuta. Mirabeau, asiyempenda Necker hata kidogo, alipanda jukwaani na kuwaomba wajumbe wawaze jambo la kutisha. Hii hapa orodha ya wenye mali wa Ufaransa, aliwaambia. Chagueni matajiri wa kutosha kulijaza shimo, wachinjeni bila huruma, watupeni humo, nalo litafunga. Alipowaona wakisisimka ndipo alipowageuzia hoja. Mnarudi nyuma kwa hofu, lakini hamuoni kwamba kutangaza kutolipa madeni ni kuwachinja watu wengi zaidi, wasio na hatia na wasioorodheshwa? Akamaliza kwa kukumbusha kelele za kipuuzi zilizowahi kupigwa katika ukumbi ule kwamba Catilina, yule mla njama wa Roma ya kale, yuko malangoni pa Roma. Wakati ule, alisema, hapakuwa na Catilina wala hatari wala Roma. Leo kufilisika kupo hapa, kufilisika kwa kutisha, kunatishia kukumeza nyinyi, mali zenu na heshima yenu, nanyi mnajadiliana! Bunge lilipiga kura likiwa limesimama.

Wiki zilezile, katika mji mdogo wa Gien, Sophie de Monnier alijiua. Walikuwa wameachana miaka mingi kabla.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna upande mwingine wa ulumbi huo unaotugusa moja kwa moja. Mwaka uleule wa 1776 Mirabeau alipotoroka na Sophie, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, watakaopelekwa hasa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Watu wa pwani yetu na wa bara nyuma yake walikuwa bidhaa ndani ya uchumi ambao Bunge la Paris lilikuwa na uwezo wa kuuvunja. Mirabeau alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Marafiki wa Watu Weusi, iliyoanzishwa Paris mwaka 1788, na mapema Julai 1789, wenye mashamba wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, walipodai wajumbe 20 bungeni kwa kuhesabu pia watumwa wao karibu nusu milioni, aliwabana kwa hoja isiyo na mlango wa kutokea. Kama watu weusi ni wanadamu, alisema, waacheni huru, wapige kura na wachaguliwe. Kama kwenu ni wanyama wa kazi, basi kumbukeni kwamba tulipogawa viti vya Ufaransa hatukuhesabu farasi wala nyumbu wetu. Wapanda miwa hao walipewa viti sita.

Mapema mwaka 1790 aliandaa hotuba ndefu dhidi ya biashara ya watumwa, ambamo aliziita meli za biashara hiyo majeneza yanayoelea, na akaitoa mbele ya wanachama wa Jakobini. Bungeni hakuwahi kuitoa. Tarehe 8 Machi 1790 kamati ya makoloni, kwa kinywa cha mjumbe Barnave, ilileta azimio la kuyalinda maslahi ya wenye mashamba, na Mirabeau alipoomba kusema sauti yake ilizimwa kwa makelele mpaka kura ikapigwa. Singe hazikumnyamazisha. Aliyemnyamazisha siku ile ni faida ya sukari, na hili kwangu ni doa kubwa zaidi juu ya Bunge lile kuliko mengi yanayoandikwa juu yake.

Sasa turudi kwenye kabati la chuma. Mirabeau alitaka nini hasa? Alitaka mfalme mwenye nguvu ndani ya nchi iliyokwisha kufuta ukabaila. Kwake upendeleo wa makabaila na makasisi ulikuwa adui wa mfalme na wa umma kwa pamoja, na Mapinduzi yaliyouondoa yalikuwa yamemfanyia mfalme kazi ambayo wafalme wa kabla yake waliishindwa. Mwanzoni mwa Septemba 1789 alisimama waziwazi kutetea haki kamili ya mfalme ya kukataa miswada, ingawa msimamo huo ulichukiwa mitaani. Oktoba aliandika waraka wa kushauri mfalme aondoke Paris aelekee Normandy, ndani ya nchi na mchana kweupe, kamwe asielekee mpakani. Haya yote yalitangulia mkataba wake na kasri kwa miezi mingi. Anayedai kwamba fedha zilizaa mawazo haya anashindwa na kalenda.

Njia ya wazi ya kuyatekeleza ilikuwepo, nayo ilikuwa awe waziri huku akibaki mjumbe, ajibu maswali ya Bunge uso kwa uso kama ilivyofanyika Uingereza. Tarehe 6 Novemba 1789 alipendekeza mawaziri waingie bungeni. Wajumbe walielewa ni nani angekuwa waziri wa kwanza. Kesho yake mjumbe Lanjuinais alisimama na kuwaambia kwamba kipaji chenye ulumbi kinawaongoza na kuwatiisha, je, kingefanya nini kikiwa waziri? Siku hiyohiyo Bunge likapitisha kwamba hakuna mjumbe anayeweza kuwa waziri wakati wa ujumbe wake. Mirabeau alipendekeza kwa uchungu kwamba katazo hilo liandikwe kwa ajili ya mtu mmoja tu, Bwana de Mirabeau, mjumbe wa Aix. Sheria ile ilitungwa ili kumzuia mtu mmoja, nayo ilifunga mlango wa mbele huku mlango wa nyuma ukibaki wazi. Bunge nalo lina sehemu yake katika lawama hii, na wanaomhukumu Mirabeau mara chache huitaja.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa na rafiki yake, Comte de La Marck, aliyekuwa karibu na Malkia Marie-Antoinette. Tarehe 10 Mei 1790 Mirabeau alimwandikia mfalme barua ya utii, na mapatano yakafuata. Madeni yake ya livre 208,000, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, yangelipwa, angepata livre 6,000 kila mwezi, na livre milioni moja zikawekwa dhamana mikononi mwa La Marck, zitolewe Bunge litakapomaliza kazi ikiwa ametimiza ahadi. Tarehe 3 Julai alikutana na malkia kwa siri kwenye bustani za Saint-Cloud. Madeni yale yalikuwa ya ajabu na matumizi yake hayakuwa na haya. Mara baada ya mapatano alianza kuishi kifahari kiasi kwamba Paris nzima iliuliza fedha zimetoka wapi.

Siku chache tu baada ya barua ile ya Mei, Bunge lilijadili nani ana haki ya kutangaza vita na kufanya amani. Mirabeau alimtetea mfalme awe na sehemu, Barnave akampinga, na mitaani wachuuzi wa magazeti wakapiga kelele kuuza kijitabu kilichotangaza usaliti mkuu wa Comte de Mirabeau. Tarehe 22 Mei alipanda jukwaani na kuwajibu kwamba hakuhitaji somo lile ili kujua kwamba kutoka Capitol hadi jabali la Tarpeia, yaani kutoka kilele cha utukufu hadi mahali pa kutupiwa wasaliti, ni hatua chache tu. Ukumbi ulitetemeka, na uamuzi uliopita ulikuwa wa busara: vita vitaamuliwa na Bunge kwa pendekezo la mfalme. Hoja zake siku ile zilikuwa nzuri, na nadhani zilikuwa zake kwa moyo wote. Lakini waliomshangilia kwa ujasiri wa kusimama peke yake hawakujua kwamba hakuwa amesimama peke yake. Ushujaa waliouona ulikuwa na mshahara nyuma yake, nao walinyimwa nafasi ya kuupima wakijua hivyo.

Kuanzia hapo aliliandikia kasri waraka baada ya waraka, karibu 50 kwa jumla. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: nyaraka za mwanzo ni kati ya uchambuzi mkali kabisa wa siasa ulioandikwa karne ile. Alimwambia mfalme kwamba kuwa na daraja moja tu la raia kungemfurahisha Kadinali Richelieu, waziri aliyeuimarisha ufalme karne iliyotangulia, kwa sababu uso wa nchi uliosawazishwa hurahisisha utawala. Alimwonya asifikirie kurudisha mambo ya kale. Alimsihi asitegemee majeshi ya kigeni. Ila ukiendelea kusoma hadi waraka mrefu wa Desemba 1790, unakutana na mtu mwingine. Humo anashauri Bunge lichafuliwe, lisukumwe kupitisha maazimio yatakayowachosha watu, wapelelezi watumwe mikoani, waandishi wanunuliwe. Yule aliyeliambia jumba zima kwamba yupo pale kwa matakwa ya umma, sasa alikuwa akipanga namna ya kuwafanya umma walichukie Bunge lao.

Hapa ndipo utetezi wa kwamba alilipwa bila kununuliwa unaponikatalia kukaa sawa. Mawazo yanayolazimika kusemwa gizani hayabaki yalivyokuwa. Yakisemwa jukwaani, Barnave angeyajibu, magazeti yangeyachambua, na Mirabeau mwenyewe, aliyekuwa bora zaidi alipopingwa, angeyanoa au angeyaacha. Gizani hayakuwa na wa kuyapinga, na msomaji wake pekee alikuwa mfalme ambaye kila siku alishindwa kuamua. Kila ushauri mzuri ulipopuuzwa, uliofuata ulitafuta hila zaidi. Kasri nalo halikumwamini. Lilimlipa ili lisimwogope, si ili limsikilize. Kwa hiyo umma ulikosa mshauri wa wazi, na mfalme hakupata hata huyo wa siri.

Lakini hakuwa ameisha. Mwisho wa Januari 1791 alichaguliwa rais wa Bunge kwa wiki mbili, na hata mahasimu walikiri kwamba kiti kile hakikuwahi kukaliwa vizuri hivyo. Tarehe 28 Februari ililetwa sheria ya kuwazuia watu kuhama nchi, ambayo ingeipa kamati ya watu watatu mamlaka ya kuamua nani atoke na nani abaki. Mfungwa wa Vincennes aliitambua lakiri ile hata ilipokuja na mhuri wa mapinduzi. Alisema kwamba sheria hiyo ikipita anaapa kutoitii, na upande wa kushoto ulipomzomea akawanyamazisha kwa ukali, zile sauti 30 zikae kimya. Usiku huohuo alikwenda kwa Jakobini na kukaa akiwasikiliza akina Duport na Lameth wakimshambulia mbele ya wenzao, kisha akawajibu. Kati ya siku zake zote hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko ile ya singe, kwa sababu mara hii wa kupingwa walikuwa rafiki zake, na hapakuwa na makofi ya uhakika.

Mwezi mmoja baadaye alianguka kitandani. Maumivu yalikuwa makali, na daktari wake Cabanis hakuweza kumsaidia. Watu walijaa mtaani nje ya nyumba yake ya Chaussée-d'Antin wakisubiri habari. Inaelezwa kwamba alisema anaondoka na msiba wa ufalme, na kwamba baada yake makundi yatagombania vipande vyake. Alikufa asubuhi ya tarehe 2 Aprili 1791 akiwa na umri wa miaka 42. Siku ileile mjumbe mwenzake Talleyrand alisimama bungeni na kusoma hotuba ambayo marehemu alikuwa ameiacha, ikitaka watoto warithi sawa na wazazi wanyimwe uwezo wa kumpendelea mmoja na kumtupa mwingine. Kitu hicho mtoto wa Marquis de Mirabeau hakuhitaji kuandikiwa na mtu ili akiamini, ingawa Reybaz ndiye aliyeshika kalamu. Usiku wa tarehe 20 Juni mfalme alitoroka Paris kuelekea mpakani, njia ileile aliyokatazwa na waraka wa Oktoba 1789, akakamatwa Varennes.

Kwa ajili ya Mirabeau kanisa jipya la Sainte-Geneviève liligeuzwa kuwa Panthéon, makaburi ya wakuu wa taifa, naye akawa wa kwanza kuzikwa humo, katika maandamano yaliyofika hapo usiku wa manane kwa mwanga wa mienge. Baada ya kabati la chuma kufunguliwa, Bunge la wakati huo liliamuru aondolewe. Amri ilitekelezwa tarehe 21 Septemba 1794, siku ambayo mwili wa Marat, mwandishi wa magazeti wa mapinduzi, ulikuwa unaingizwa kwa shangwe kupitia lango kuu. Mirabeau alitolewa kwa mlango wa pembeni, akapelekwa kufukiwa makaburi ya Clamart bila jiwe wala jina, na mahali penyewe hapajulikani hadi leo.